Sokwe hasaini fomu: wanyama katika utafiti wa saikolojia, kutoka Ngamba hadi Kibale

Kisiwani Ngamba, kama kilomita 23 kutoka Entebbe ndani ya Ziwa Victoria, lilifanyika jaribio lililochapishwa mwaka 2006 ambalo hata mtoto wa shule ya msingi angelielewa. Nje ya wavu wa chumba cha sokwe kuna ubao wenye vipande vya matunda. Kamba moja imepitishwa kwenye vitanzi vya chuma vya ubao huo, na ncha zake mbili zinaingia ndani ya chumba, moja kulia na nyingine kushoto. Ukivuta ncha moja tu, kamba yote inachomoka, ubao unabaki pale pale, na chakula unakila kwa macho. Lazima wawili wavute kwa pamoja.

Pembeni kuna chumba kingine chenye sokwe wa pili. Mlango wake umefungwa kwa kijiti, na anayeweza kukichomoa ni yule wa kwanza. Watafiti walitaka kujua kama atajua lini anahitaji msaada. Ncha za kamba zilipokuwa karibu kiasi cha kuzishika zote mbili peke yake, mara nyingi hakujisumbua kumfungulia mwenzake. Zilipokuwa mbali, alikwenda moja kwa moja kwenye kijiti. Kisha wakamwekea wenzake wawili wa kuchagua. Mmoja, Bwambale, alikuwa mvutaji mzuri. Mwingine, Mawa, alikuwa na papara, akivuta kabla mwenzake hajashika kamba. Mwanzoni sokwe waliochagua hawakuona tofauti. Baada ya kuonja uvutaji wa kila mmoja, Bwambale ndiye aliyekuwa akifunguliwa mlango.

Jaribio lilifanywa na Alicia Melis, Brian Hare na Michael Tomasello, wa taasisi ya Max Planck ya Leipzig, Ujerumani. Hakuna sokwe aliyepigwa shoti ya umeme wala kunyimwa chakula ili njaa imlazimishe kucheza. Ngamba ni hifadhi ya mayatima, iliyoanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya sokwe waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi. Mchana wanazurura msituni, jioni wanarudi kula na kulala, na asiyetaka kucheza na kamba haburutwi.

Ukiulizwa kama hapo kuna kosa la kimaadili, pengine utasema hakuna. Lakini tazama lilikotuacha jaribio hilo. Limetuonyesha mnyama anayejua kwamba anahitaji mwenzake, anayekumbuka nani alimwangusha jana, na anayechagua. Kila jibu la namna hiyo linafanya swali la pili kuwa gumu zaidi: kama yuko hivyo, tuna haki gani ya kumfungia mahali na kumpima?

Hilo ndilo fundo la suala zima, na linabana kwenye saikolojia kuliko kwenye tiba. Anayetafuta dawa ya figo anamhitaji mnyama mwenye figo kama zetu. Anayetafuta chanzo cha hofu, huzuni au upendo anamhitaji mnyama mwenye hofu, huzuni au upendo. Kadiri mnyama anavyofanana nasi moyoni ndivyo anavyofaa kwa utafiti, na ndivyo inavyokuwa vigumu kutetea kumtumia. Asiyefanana nasi ni rahisi kumtumia, lakini atatufundisha nini juu yetu?

Mwaka 1959 Mmarekani Russell Church aliwazoesha panya kubonyeza wenzo ili wapate chakula, kisha akapanga kila wanapobonyeza panya wa jirani apigwe shoti ya umeme. Walipunguza kubonyeza, angalau kwa muda. Mwaka 1964 kundi la Jules Masserman lilifanya karibu jambo hilohilo kwa kima wa Asia aina ya rhesus, na mmoja wao alikaa siku 12 bila kuvuta mnyororo wa chakula kwa sababu ulimuumiza mwenzake. Mimi kila nikisoma taarifa hizo najiuliza ni nani hasa aliyekuwa akipimwa huruma mle chumbani.

Wengi wetu tuliosoma saikolojia, Makerere au kwingineko, tulikutana na wanyama hawa kwenye notisi za mwaka wa kwanza: mbwa wa Pavlov waliozoeshwa kutoka mate kwa ishara ya chakula, njiwa na panya wa Skinner waliofundishwa kwa kutuzwa chakula, na kima wadogo wa Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walioondolewa kwa mama zao na kupewa "mama" wa waya mwenye maziwa na "mama" wa kitambaa asiye na kitu. Waling'ang'ania kitambaa. Wakati ule kulikuwa na wataalamu waliowaonya wazazi wasiwadekeze watoto kwa kuwakumbatia, kwa hiyo jibu la Harlow lilikuwa na uzito. Lakini bibi yeyote wa Masindi angekupa jibu hilo bure. Na Harlow hakuishia hapo. Baadaye aliwafungia kima wadogo peke yao kwa miezi, wengine hadi mwaka, na wakatoka wakiwa wameharibika. Sehemu hiyo hata wanasaikolojia wenzake wengi wanaitaja kwa aibu.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa mbwa wa Martin Seligman na Steven Maier, mwaka 1967. Mbwa walifungwa kwenye mikanda na kupigwa shoti za umeme ambazo hawakuweza kuzizuia. Baadaye walipowekwa kwenye sanduku ambalo kuruka kizuizi kifupi kulitosha kuwaokoa, wengi wao walijilaza chini wakilia. Watafiti wakasema wamejifunza kukata tamaa. Nadharia hiyo ilienea kila mahali: kwenye vitabu vya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), kwenye semina za walimu, hata kwenye mahubiri. Kisha mwaka 2016, karibu miaka 50 baadaye, Maier na Seligman wenyewe waliandika kwamba walikuwa wameisoma kinyume. Utafiti wa ubongo, uliofanywa zaidi kwa panya, ulionyesha kwamba kuduwaa mbele ya maumivu marefu ndiyo hali ya asili ya mnyama, haihitaji kufundishwa. Kinachojifunzwa ni kwamba unaweza kufanya kitu.

Sasa hesabu hiyo utaifanyaje? Anayetetea majaribio atasema: bila mbwa wale tusingeuliza swali, na bila panya wa baadaye tusingelisahihisha, na leo watu wenye sonona wanasaidiwa vizuri zaidi. Anayepinga atasema: mateso yalikuwa ya uhakika siku ileile, faida ilikuwa ya kubahatisha, na ilichukua nusu karne kujua hata imesema nini. Wote wawili wana hoja. Ila fomu ya kuomba kibali haina nafasi ya "tutajua baada ya miaka 50". Inauliza faida inayotarajiwa, na mtafiti anaandika anachotumaini.

Kwa upande wa utendaji, watu wengi wanadhani kuna mvutano kati ya kumtunza mnyama na kupata majibu mazuri, kana kwamba huruma ni gharama inayolipwa na sayansi. Mara nyingi ni kinyume chake. Mnyama mwenye hofu ni chombo kibovu. Mwaka 2014 kundi la Jeffrey Mogil wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, lilionyesha kwamba panya wakinusa harufu ya mwanamume, hata kupitia fulana aliyoivaa tu, wanapata mfadhaiko unaopunguza dalili zao za maumivu. Fikiria ni majaribio mangapi ya maumivu yaliyofanywa kabla ya hapo bila mtu kuandika jinsia ya aliyemshika panya. Na mwaka 1999 John Crabbe na wenzake walichukua panya wa ukoo uleule, wakawapima kwa vifaa vilevile katika maabara tatu, mbili Marekani na moja Kanada, wakijitahidi hadi saa za kuwasha taa zifanane. Baadhi ya majibu bado yalitofautiana.

Na mpimaji naye ni tatizo. Mwaka 1963 Robert Rosenthal na Kermit Fode waliwaambia wanafunzi kwamba panya fulani ni wa ukoo mwerevu na wengine ni wa ukoo mzito. Panya wote walikuwa wa kawaida, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Wale walioitwa werevu walionekana kujifunza haraka zaidi, maana waliowashika walitarajia hivyo.

Hamisha matatizo hayo uyalete kwenye maabara ya kwetu. Panya ni mnyama wa usiku, na mwili wake unafuata mpangilio wa mwanga na giza. Umeme ukikatika, taa zikazimika saa nane mchana na kuwaka saa nne usiku, feni ikasimama na chumba kikapata joto, jaribio la wasiwasi au la kumbukumbu limeshaharibika hata kabla hujaanza kuhesabu. Chakula cha aina moja kikikosekana ukabadilisha katikati, umeongeza jambo jingine usilolipima. Ndiyo maana namwambia mwanafunzi anayetaka kufanya utafiti wa panya: uliza kwanza habari za jenereta na za mtu anayelisha wanyama Jumapili. Kama hakuna jibu la kueleweka, usianze, kwa sababu panya watateseka bila faida.

Hapo ndipo inapoingia kanuni inayotajwa kila mahali, iliyotolewa na Waingereza William Russell na Rex Burch mwaka 1959: tumia njia nyingine badala ya mnyama inapowezekana, punguza idadi, boresha utunzaji ili maumivu yapungue. Ni kanuni nzuri, ila hiyo ya pili inaeleweka vibaya. Kupunguza si kuchukua wanyama wachache tu. Mtafiti anayetumia panya sita pale ambapo takwimu zinadai 20 hajaokoa 14. Amepoteza wote sita, maana jibu lake halitaaminika na mwingine atalazimika kurudia.

Uganda si mgeni wa mambo haya. Virusi vya Zika vimepewa jina la msitu wa Zika, kando ya barabara ya Entebbe, ambako mwaka 1947 watafiti wa homa ya manjano waliweka kima wa rhesus ndani ya kizimba juu ya jukwaa msituni, wakisubiri ashikwe na homa. Aliyeshikwa aliandikwa kwa namba, 766. Haikuwa saikolojia, lakini inaonyesha namna ya kufikiri ya enzi ile: mnyama ni kipimajoto.

Leo mtu hawezi kuingia tu na vizimba vyake. Kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama ya mwaka 1957, iliyotungwa kabla ya Uhuru. Utafiti unapita kwenye kamati ya maadili ya taasisi, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ukihusu wanyamapori unahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, na ukifanyika kwenye msitu wa hifadhi kama Budongo, Mamlaka ya Misitu nayo ina neno lake. Mihuri ipo. Swali ni kama mihuri inauliza maswali yanayofaa, kwa sababu kamati nyingi duniani zimejengwa kwa kumfikiria panya wa maabara: sindano, ganzi, kizimba, namna ya kumuua bila maumivu. Utafiti wa saikolojia ya wanyama ulioipa Uganda jina haufanyiki kwenye vizimba. Unafanyika msituni.

Kwenye msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, kituo cha Kanyawara kilianzishwa na Richard Wrangham mwaka 1987. Ngogo, ndani ya msitu huohuo, imefuatiliwa na John Mitani na David Watts tangu 1995. Budongo, karibu na Masindi, mradi ulianzishwa na Vernon Reynolds mwaka 1990. Mwaka 2009 Thibaud Gruber na wenzake walitoboa mashimo kwenye magogo, wakamimina asali, wakategesha kamera na kuondoka. Sokwe wa Kanyawara waliokuja walitumia vijiti kuichokoa. Sokwe wa Budongo walitafuna majani wakayageuza sifongo la kuifyonza. Asali moja, shimo lilelile, mila mbili. Tangu hapo ni vigumu kuandika "sokwe hufanya hivi" bila kuulizwa sokwe wa wapi, na ni hoja nzito dhidi ya kuzungumzia akili ya sokwe wote kwa kupima saba waliolelewa kwenye zuu.

Budongo tena, mwaka 2012, Catherine Crockford na wenzake walichapisha jaribio la nyoka bandia. Waliweka kifutu wa kutengenezwa kwenye njia ya sokwe. Aliyemwona alipiga kelele za tahadhari zaidi pale ambapo wenzake walikuwa hawajamwona wala kusikia onyo. Kama walikwishajua, alipunguza. Kwa maneno mengine, anafuatilia mwenzake anajua nini.

Je, ni sawa kumtisha mnyama wa porini kwa kifutu wa uongo? Mimi nasema ndiyo, kwa masharti: hofu ya aina hiyo anakutana nayo hata bila mtafiti, ni ya dakika chache, na hairudiwi mpaka azoee kiasi cha kumpuuza kifutu wa kweli. Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Asali nayo si kitu kidogo kama inavyoonekana. Ukimwaga chakula mahali pamoja unaweza kuleta ugomvi, unaweza kuwafundisha wanyama kuhusisha vifaa vya binadamu na mlo, na wakiambukizana ugonjwa watauambukizana hapo.

Lakini kubwa kuliko asali na kifutu ni jambo ambalo halionekani hata kuwa jaribio: kuwa karibu nao.

Ili uone tabia za sokwe lazima akuzoee, na kumzoesha huchukua miaka ya kumfuata kila siku mpaka asikukimbie tena. Akishakuzoea wewe amewazoea watu, na msituni huingia watu wa kila aina. Kwa upande mwingine, kuwepo kwa watafiti kunawafukuza wawindaji, na Budongo kuna vijana wanaolipwa kupita wakiondoa mitego ya waya. Mitego hiyo huwekewa paa na nguruwe pori, lakini sokwe wengi wa kundi la Sonso linalofuatiliwa pale wamebaki na viganja vilivyopinda au vidole vilivyokatika. Mtafiti akiondoka, nani ataifuata mitego hiyo?

Halafu kuna mafua. Mwaka 2013 sokwe wa Kanyawara walishikwa na ugonjwa wa njia ya hewa, na kati ya 56 wa kundi hilo watano walikufa. Kilichopatikana ni rhinovirus C, virusi vya mafua ambavyo watoto wetu huvipata wakakohoa wiki moja na kupona. Mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017 ilikuwa zamu ya Ngogo: virusi vingine vya binadamu, sokwe 25 wakafa. Hakuna aliyeonyesha ni nani aliyevileta. Anaweza kuwa mtafiti, mtalii, askari wa hifadhi, au mwanakijiji aliyeingia kuokota kuni. Vilitoka kwa watu, hilo ndilo linalojulikana.

Baadhi ya mayatima wa Ngogo walionekana wakitunzwa na kaka zao wakubwa, wakiwasubiri njiani na kuwachambua manyoya. Rachna Reddy na Mitani waliandika juu yao mwaka 2019. Ni swali la Harlow, mtoto anafanyaje bila mama, likijibiwa vizuri kuliko Harlow alivyowahi kulijibu, na bila kizimba. Ila gharama yake hakuna kamati ambayo ingeipitisha, na hakuna aliyeiomba.

Weka hilo kando ya mijadala ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2015 taasisi za afya za serikali ya Marekani zilitangaza kuacha kugharimia utafiti wa kitabibu kwa sokwe, na ilishangiliwa kama ushindi wa maadili, nami nashangilia. Watetezi wa wanyama wanaonyesha picha za vizimba, na wana haki. Lakini picha ya kijana mwenye kitabu cha kumbukumbu na darubini, akiwa mita saba kutoka kwa sokwe, haimtishi mtu, na yeye ndiye anaweza kubeba kifo. Hatari kubwa ya utafiti wetu haina shoti ya umeme ndani yake, kwa hiyo haionekani kama ukatili, kwa hiyo haiulizwi.

Kinga zinajulikana: barakoa, umbali (kwa gorila Mamlaka ya Wanyamapori iliongeza kutoka mita saba hadi kumi wakati wa korona), mgeni kukaa siku kadhaa kambini kabla ya kuingia msituni, na mwenye dalili za ugonjwa kutoingia kabisa. Zimeandikwa na kubandikwa ukutani.

Sasa mfuate anayezitekeleza. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu kutoka Leipzig au Boston atakaa karantini na posho yake inaendelea. Anayemfuata sokwe mwaka mzima, mvua na jua, ni msaidizi wa utafiti kutoka kijiji cha jirani, ambaye jioni anarudi nyumbani kwenye watoto wenye makamasi. Ndiye anayewajua sokwe kwa majina na kwa sauti, ingawa jina lake likitokea kwenye makala huwa pale mwishoni kwenye shukrani. Ndiye pia anayesikia lawama za majirani sokwe wakivamia mahindi na miwa, au, kama ilivyotokea zaidi ya mara moja huko Bunyoro, wakimshambulia mtoto. Akiamka na kikohozi, kanuni inamtaka aseme. Kama siku ya kikohozi haina mshahara, atameza Panadol, atavaa buti zake na kuingia msituni kama kawaida.

Kwa hiyo ningekaa kwenye kamati inayopitia ombi la kuchunguza akili ya sokwe Kibale au Budongo, ningesoma sura ya maadili haraka, maana zote zinafanana. Kisha ningefungua ukurasa wa bajeti na kutafuta mstari mmoja: msaidizi akiugua, analipwa siku ngapi akiwa kitandani. Usipokuwepo, ombi linarudi kwa mwenyewe.